Skana ya matunda: kabla hujatoa shilingi 650,000

Swali: Daktari, hujambo. Mimi hununua avokado Murang'a na maembe Makueni, nikauzia hoteli na kampuni mbili za kuuza nje hapa Nairobi. Msimu uliopita nilirudishiwa kreti 40 za Hass, nikaambiwa ni changa. Sasa kuna kijana ameniletea kifaa cha mkononi. Ukikigusisha kwenye tunda kinamulika mwanga, kisha kinaandika utamu wake bila kulikata. Anasema kinafanya kazi kwa matunda yote, na bei ni shilingi 650,000. Je, ni kweli au naibiwa? Na je, kitanionyesha embe lenye funza, au lililoivishwa kwa kabaidi? – Mfanyabiashara, Kangemi

Jibu: Dada yangu, pole kwanza kwa zile kreti 40. Mkulima ulikuwa umeshamlipa, lori umeshalilipa, na tunda changa likishachumwa halirudi mtini likamalizie kukomaa.

Elimu iliyo nyuma ya kifaa hicho ni ya kweli na ina miaka mingi. Lakini kijana amekuambia mambo mawili yaliyonitia wasiwasi: kwamba kinapima utamu, na kwamba kinapima matunda yote. Nitakueleza kwa kirefu kinachotokea mwanga unapoingia ndani ya tunda, maana ukikielewa hicho utajua mwenyewe maswali ya kumbana nayo.

Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akiishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, kisha akaweka kipimajoto kwenye rangi moja baada ya nyingine. Kilichopanda zaidi ni kile alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote. Mwanga huo usioonekana ndio tunaouita infraredi. Sehemu yake iliyo jirani na nyekundu, hadi kama nanomita 2,500 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ndiyo hutumika kupimia vyakula. Vifaa vingi vya mkononi huishia karibu na nanomita 1,100, kwa sababu hapo ndipo macho ya kitambuzi cha silikoni yanapokoma. Kitambuzi hicho ni ndugu wa kile kilichomo kwenye kamera ya simu yako, na ndicho kinachofanya bei isiwe ya milioni kadhaa.

Umewahi kuweka tochi nyuma ya kiganja usiku ukaona mkono mzima unawaka wekundu? Ndivyo inavyokuwa ndani ya tunda. Taa ndogo ya halojeni inamulika ganda, mwanga unapenya, unarushwa huku na huko ndani ya nyama ya tunda, na kiasi kidogo kinatoka tena kando ya pale ulipoingilia. Njiani umepunguzwa. Maji humeza mwanga sana karibu na nanomita 970. Sukari, wanga na mafuta humeza pia, hasa kati ya 900 na 930 hivi, kwa sababu ya vifungo vya kaboni na hidrojeni vilivyomo ndani yake. Kifaa kinapima mwanga uliotoka, kinaulinganisha na ule wa kigae cheupe cha kumbukumbu, kisha kinachora mstari wenye vilima na mabonde.

Shida ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya embe ni maji. Kwenye mstari ule, maji ni Mlima Kenya na sukari ni kichuguu kilicholala ubavuni mwake. Hakuna binadamu atakayeutazama mstari huo akakwambia, "Hili lina Briksi 14," yaani kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya tunda. Kwa hiyo hutumika hesabu. Matunda mia moja na zaidi hupigwa mwanga, kila moja hukatwa pale pale lilipopigwa, na sehemu hiyo hupimwa kwa njia ya zamani. Kisha kompyuta hutafuta uhusiano kati ya mistari na vipimo. Uhusiano huo ndio huitwa modeli. Karl Norris, mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Beltsville, Maryland, ndiye aliyefungua njia hii kwa kupima nafaka miaka ya 1960, na Wajapani wakaiweka kwenye mtambo wa kuchambua pichi mwaka 1989.

Nimesisitiza modeli kwa sababu ndiyo unayoinunua. Taa, betri na kioo ni vitu vya kawaida. Modeli ni kama dalali aliyenunua maembe ya aina ya Apple ya Makueni maisha yake yote: akilishika tu anakwambia litaiva siku ngapi. Mpe Ngowe la Pwani na atakosea, wala si kwa uzembe, ni kwamba mikono yake haijawahi kufunzwa Ngowe. Modeli iliyofunzwa maembe ya nchi nyingine, kwa udongo mwingine na mvua nyingine, itakupa namba hata ukiligusisha embe la Makueni. Itakupa namba hata ukiligusisha kiazi. Namba itatokea kwenye skrini ikiwa imenyooka, na nukta ya desimali juu yake, na hakuna alama itakayokuonya kwamba kifaa kinabahatisha.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ghala moja karibu na Mombasa Road, tuliazimwa kifaa kizuri cha bei kubwa tukakijaribu kwa maembe ya Apple. Asubuhi nzima kilituambia maembe yamekomaa, kila moja. Tulipoyakausha kwenye tanuri, karibu yote yalikuwa chini ya kile kifaa kilichosema, na kwa tofauti ileile. Waliotuazima hawakuwa wamedanganya. Modeli ilikuwa imefunzwa maembe ya aina tofauti kabisa, na hakuna aliyefikiria kuuliza.

Sasa tuje kwenye neno "utamu". Kiswahili chetu kimetupa hapa msaada mkubwa, kwa sababu kinatofautisha kukomaa na kuiva. Embe hukomaa likiwa mtini, na huiva baadaye, hata likiwa limevundikwa kwenye gunia. Lililokomaa lakini halijaiva lina wanga mwingi na sukari kidogo, na ukilipima Briksi siku ya kulichuma utapata namba ndogo isiyokufaa kitu. Sukari itakuja baadaye, wanga utakapogeuka. Kwa hiyo unachotaka kujua shambani ni kiasi cha vitu vyote visivyo maji vilivyomo ndani: wanga, sukari, nyuzi na mengineyo. Wataalamu wanakiita uzito mkavu. Embe lenye uzito mkavu mkubwa lina akiba ya kugeuza kuwa sukari, na lenye mdogo litalainika na kubadilika rangi lakini litabaki na ladha ya maji. Huko Australia wakulima wa maembe huzunguka shambani na vifaa hivi wakisoma uzito mkavu wa matunda yangali mtini, ili waamue wiki ya kuchuma.

Kwa avokado hoja ni hiyohiyo, isipokuwa badala ya sukari kuna mafuta. Kadiri Hass inavyokomaa, maji yanapungua na mafuta yanaongezeka. California waliweka sheria mwaka 1925 ya kwamba avokado isiuzwe kabla ya kufikisha asilimia 8 ya mafuta, lakini kupima mafuta ni kazi ya maabara, ndiyo maana baadaye walihamia uzito mkavu. Kiwango cha kimataifa cha biashara leo ni angalau asilimia 21 kwa Hass na 20 kwa Fuerte. Wanunuzi wengi hudai zaidi ya hapo, basi waulize wako wanataka ngapi, wakuandikie. Avokado iliyochumwa chini ya kiwango haiivi vizuri: inanyauka, inakuwa kama mpira, na ndani ina majimaji. Hiyo ndiyo sababu HCD, idara ya serikali inayosimamia mazao ya bustani, imekuwa ikifunga usafirishaji wa avokado kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka, wakati nyingi zilizoko mtini bado ni changa.

Na hapa kifaa chako kina nguvu ya kweli. Kumbuka kwamba kinachoonekana wazi zaidi kwenye mstari ni maji, na uzito mkavu ni kile kinachobaki ukishatoa maji. Kwa hiyo kupima ukomavu wa avokado ni kazi iliyo karibu zaidi na uwezo wa mwanga huu kuliko kupima utamu. Kama kijana angekuambia, "Mama, hiki kitakuonyesha Hass iliyo changa," ningemsikiliza kwa makini. Namwomba Mungu awe ameuza vibaya tu, na kifaa chenyewe kiwe kizuri.

"Matunda yote" nitalipita haraka. Mwanga huu hufika milimita chache tu chini ya ganda. Embe, avokado, tufaha na pichi zinafaa, kwa kuwa ganda si nene sana na nyama iko papo hapo. Tikiti maji na nanasi zina ganda nene linalomaliza mwanga kabla haujafika kunakoliwa. Pasheni ina ganda nene na uwazi ndani, hivyo utakuwa unapima ganda. Hata kwenye avokado, ganda la Hass ni nene kiasi na lina vipele, na uzito mkavu haulingani pande zote za tunda. Piga pande mbili, katikati ya tunda, uchukue wastani.

Suala la makosa ndilo ninaloomba ulisome mara mbili. Kila kifaa kinakosea, na makosa ni ya aina mbili. La kwanza ni la kuyumba: mara juu kidogo, mara chini kidogo. Tuseme kosa la kawaida la kifaa chako ni pointi 1 ya asilimia. Tunda lililoandikwa 22 lina uwezekano wa mara mbili kati ya tatu kuwa kati ya 21 na 23, na karibu mara 19 kati ya 20 kuwa kati ya 20 na 24. Kwa tunda moja, hapo huwezi kuapa kwamba limepita 21. Lakini ukipima matunda 20 kutoka miti mbalimbali ya shamba moja na kuchukua wastani, mayumbo yanafutana na kosa la kifaa kwenye wastani linashuka hadi kama pointi 0.2. Unaweza kuliamulia shamba. Angalia tu usiridhike na wastani peke yake. Hesabu pia ni matunda mangapi kati ya yale 20 yameanguka chini ya mstari, kwa sababu shamba lenye wastani wa 23 linaweza kuwa na miti mitatu michanga itakayokuchafulia kreti nzima.

Kosa la aina ya pili ni la kuegemea upande mmoja, na hilo kurudia hakulisaidii. Unajua mizani ambayo mshale wake hauanzii sifuri? Pima gunia mara 20 na utapunjwa mara 20. Hilo ndilo lililotupata kule ghalani. Linatokana na modeli ngeni, na linatokana na mambo madogo ya kila siku ambayo wauzaji hawayataji.

Joto ndilo kubwa kati ya hayo. Maji yakipata joto, namna yanavyomeza mwanga hubadilika, na pale alama yake ilipo kwenye mstari husogea. Tunda lililoteremshwa Marikiti saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa Julai ni baridi kama limetoka friji. Tunda hilohilo likikaa kwenye kibanda cha mabati hadi saa nane mchana limepanda nyuzi nyingi. Modeli iliyofunzwa kwa joto la chumba cha maabara pekee italisoma tunda lilelile kwa namba mbili tofauti. Modeli nzuri hufunzwa kwa matunda yaleyale yakiwa baridi, ya kawaida na ya moto. Muulize kijana swali hilo. Jua kali nalo huingia pembeni mwa kitambuzi na kuharibu kipimo, basi pima kivulini, tunda likibana sawasawa mdomo wa kifaa. Taa ipewe dakika za kupata moto kabla ya kuanza, na kile kigae cheupe kisiguswe na vidole vyenye utomvu wa maembe. Msichana mmoja aliyekuwa akinisaidia alikuwa akikifunga kwenye leso safi kila jioni, na vipimo vyake ndivyo nilivyoviamini kuliko vya wengine.

Usitoe pesa kabla ya jaribio hili. Mwambie kijana akuachie kifaa siku mbili, au akae nawe siku hizo. Tafuta avokado 30 za Hass kutoka mashamba matatu, na hakikisha kuna changa unazozijua ni changa na zilizokomaa kabisa. Ziache zipoe kivulini usiku mmoja. Kila moja izungushie duara kwa kalamu ya wino mzito pande mbili, piga skana ndani ya duara, andika namba. Kisha kata pale pale kwenye duara, ondoa ganda, kwaruza nyama iwe nyembamba, upime gramu 10 kwenye mizani midogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Iweke kwenye sahani ndani ya maikrowevu kwa moto mdogo, itoe, ipime, irudishe, hadi uzito ukatae kushuka. Ikianza kuwa kahawia na kunuka kuungua umeiharibu, chukua nyingine. Gramu 10 zikibaki gramu 2.3, uzito mkavu ni asilimia 23.

Andika safu mbili, ya skana na ya maikrowevu, utoe tofauti kwa kila tunda. Tofauti zikiwa zote upande mmoja, tuseme skana iko juu kwa pointi 2 karibu kila mara, usikate tamaa: hilo linatibika, ikiwa programu ya kifaa inaruhusu kurekebisha. Muulize akuonyeshe mahali pa kurekebisha, kwa kidole. Tofauti zikiwa zimetapanyika, hapa juu kwa 4, pale chini kwa 3, bila mpangilio, hapo modeli haiujui mzigo wako na marekebisho hayatasaidia. Itabidi ifunzwe upya kwa matunda yetu, ya Murang'a, Meru na kwingineko, tena kwa zaidi ya msimu mmoja, kwa sababu mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame hutoa matunda tofauti kwenye mti uleule.

Atakutolea karatasi yenye mchoro wa vitone vilivyojipanga vizuri kwenye mstari. Usiitazame sana. Ukichanganya matunda machanga kabisa na yaliyokomaa kupindukia, vitone vitajipanga hata kwa kifaa dhaifu. Muulize mambo mawili tu: kosa ni pointi ngapi za asilimia, na je, matunda yaliyojaribiwa yalitoka msimu na shamba tofauti na yale yaliyoifunza modeli? Asiyeweza kujibu la pili hajui anachouza.

Umeuliza kuhusu funza. Kifaa hiki hakitakuonyesha. Kinaona kipande kidogo chini ya mdomo wake, na funza yuko popote anapotaka. Kenya ilijizuia kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda na ikarudi sokoni 2021, na kilichoturudisha ni kazi ya shambani: mitego, kuzika matunda yaliyoanguka, na maeneo yaliyosafishwa wadudu. Endelea kumbana mkulima wako hapo.

Kabaidi nayo haionekani. Inatoa gesi inayolazimisha ganda libadilike rangi, na haiachi alama ambayo mwanga huu unaweza kuisoma. Lakini fikiria ni nani anayetumia kabaidi: mara nyingi ni aliyechuma embe changa akataka lionekane limeiva. Embe hilo likipigwa skana yenye modeli sahihi litaonyesha uzito mkavu mdogo, rangi ipende isipende. Hutajua kama ni kabaidi, utajua kwamba ni changa, na kwa mnunuzi hiyo inatosha kulikataa.

Kuhusu pesa nitasema ninavyoona. Kwa mfanyabiashara mmoja anayeuza hapa mjini, 650,000 ni nyingi mno kwa sasa. Huwezi kupiga kila tunda la lori kwa mkono, sekunde kadhaa kila upande. Faida yake iko mashambani, kabla ya kuchuma, pale unapoamua shamba hili lichumwe wiki hii na lile lingoje wiki mbili. Tunda ulilolipiga mwanga linabaki mtini bila jeraha, hivyo unaweza kulifunga kitambaa na kulirudia baada ya siku kumi uone limepanda kiasi gani. Maikrowevu haiwezi kukupa hilo. Kwa hiyo kama mko wanunuzi wanne au watano wa njia ya Murang'a, au chama cha ushirika cha wakulima kiko tayari kuchangia, kinunueni pamoja, baada ya lile jaribio na baada ya kijana kuandika kwamba modeli itafunzwa upya kwa Hass yetu.

Akikataa kukuachia kifaa kwa siku mbili, mshukuru umwache aende. Nunua mizani midogo na grata, na siku mbili kabla ya lori kwenda Murang'a, mtume mtu akachume avokado kumi kutoka miti kumi ya kila shamba, uzikaushe jikoni kwako.